Jina Ni Lake, Ufunguo Anao Nani?

Hebu niambie msomaji wangu, wewe mwenye biashara yako na jina lake umelitundika kwenye intaneti, ufunguo wa jina hilo anao nani? Usinijibu "yupo jamaa mmoja Dar". Jibu hilo ndilo lililomtoa jasho ami yangu hapa Wesha.

Ami ana boti. Hupeleka watalii Misali, kile kisiwa chenye matumbawe kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Wageni wake wengi Wazungu, na Mzungu hapigi simu kwanza, anaandika imeli. Basi msimu uliopita, kuanzia Julai, kimya. Wiki ya kwanza kimya, ya tatu kimya. Boti inapigwa jua, mabaharia wawili wanadai posho, deni la mashine halijesha, na ami ananiuliza, "Mwanangu, wamenisusa?"

Cha ajabu tovuti ilikuwa inafunguka, tena mpya, inang'aa, picha ya kasa juu. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Jina moja la intaneti linabeba rekodi kadhaa, kila moja na kazi yake. Iko ya A, inayosema tovuti imekaa kwenye kompyuta yenye namba fulani. Iko ya MX, inayosema barua zipelekwe seva gani. Mtu anaweza kuweka tovuti kwa kampuni hii na imeli kwa kampuni nyingine kabisa, kama ami.

Sasa kampuni iliyomtengenezea tovuti (jina nalihifadhi, tusije tukapelekana mahakamani) ikahamishia mambo yake kwenye seva mpya. A wakaiandika. MX wakaisahau! Na MX isipokuwepo, seva inayotuma barua huifuata ile A, inakwenda kubisha hodi kwenye tovuti, nako hakuna sanduku la ami. Barua inarudishwa kwa mwenyewe. Mgeni anajiona kakataliwa, ami haoni kitu. Afadhali simu ikizima, angalau unajua imezima.

Niligundua kwa simu yangu hii ya kioo kilichopasuka, nimekaa gatini. Zipo huduma za bure, unaandika jina, unachagua rekodi, unaonyeshwa. Kwenye MX patupu.

"Ami, hawajakususa," nikamwambia. "Barua zao hazina njia."

Kuuandika mstari ule ni kazi ya dakika tano. Kumpata wa kuuandika, siku tisa. Mara "mhusika yupo likizo", mara "lipieni kwanza mwaka ujao". Nikaangalia jina limesajiliwa kwa nani. Majina yanayoishia na .tz yana daftari lake, na daftari hilo unaweza kuliuliza. Mwenye jina? Kampuni ile ile! Ami kalipa miaka minne, risiti zote anazo kwenye kopo la biskuti, kumbe daftarini hayumo.

Hapo ami, mtu mpole wa safu ya mbele msikitini, akainyakua simu mwenyewe. Aliyoyasema gazeti hili haliwezi kuyachapa. MX ikarudi jioni ile ile.

Lakini barua hazikuingia papo hapo. Seva za watu hukumbuka hata jibu la "hakuna", na kwa jina letu ziliruhusiwa kulikumbuka sekunde 86,400, yaani siku nzima. Ami alikesha anaifungua simu na kuifunga.

Kesho yake magharibi ikaingia ya kwanza. Familia ya watu watano kutoka Uholanzi, wanauliza kama Agosti bado kuna nafasi. Agosti ilikuwa imebakiza siku sita.

Jina sasa limeandikwa kwa ami, na neno la siri wanalo yeye na mkewe, mimi sina na sitaki. Tarehe ya kulipia kaiandika kwenye kalenda ya ukutani, chini ya siku za bamvua.