Mpira wa Polepole

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Kenya ilipata mikimbio 174 tu. Brett Lee, mrushaji mwenye kasi ya kutisha, aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ilionekana kazi imekwisha.

Ndipo akapewa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, miaka 39, mtu aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena. Karim hakuwa na kasi yoyote. Alirusha mipira 50, akaruhusu mikimbio 7, akawatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye.

Nimeitazama video ile mara nyingi kwenye simu, usiku hapa Vwawa, malori yakinguruma kuelekea Tunduma. Sioni uchawi. Naona uchaguzi. Mpira wa kasi unamsaidia mpigaji: akiugusa tu, unakimbia kwa nguvu zake wenyewe. Wa polepole haumkopeshi kitu. Nguvu zote atoe yeye, na papara zake ndizo zinazomponza.

Waliocheza rede wanalijua hili. Mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja, mpira wa soksi ukiwa mkononi mwake tunatetemeka. Kuna jioni alikosa, akakosa tena, na kila akikosa anaongeza nguvu. Sisi katikati tunacheka, maana mkono ukivutwa nyuma sana unajua kabisa mpira unakuja wapi. Mwishoni akaurusha kizembe tu, chini, kama anamrudishia mwenzake. Ukanigonga kwenye goti nikiwa bado hewani. Yaani nilikuwa nimesharuka kuukwepa mpira ambao haukurushwa.

Nayawaza haya kwa sababu nina jibu la kutoa kabla ya Ijumaa. Dawati moja la habari linanitaka: habari nne fupi kila siku kutoka Songwe. Foleni ya malori mpakani, ajali, bei ya kahawa, ziara za viongozi. Malipo yake yangefuta kodi ya nyumba ninayodaiwa. Upande wa pili kuna makala ndefu kuhusu wanawake wanaochuma kahawa Mbozi, niliyoianza msimu uliopita na ambayo hakuna aliyeahidi kuinunua. Miezi hii mambo yangu hayaendi, na mtu ambaye mambo hayaendi kila mmoja humshauri aongeze kasi.

Wala sijidanganyi kwamba polepole hushinda daima. Mwaka huohuo wa 2003, Collins Obuya aliwatoa wachezaji watano wa Sri Lanka jijini Nairobi kwa mipira yake ya kupinda, akaruhusu mikimbio 24 tu. Akaenda Warwickshire, Uingereza, na baadaye ule mpira ukamtoka mkononi. Hakuachana na mchezo. Alishika gongo, na mwaka 2011, dhidi ya Australia hiyohiyo, alipata mikimbio 98 bila kutolewa.

Basi nitawaandikia hivi: habari mbili kwa siku, kwa nusu ya malipo, na asubuhi zangu zibaki kwa wachuma kahawa. Wakikataa, mwenye nyumba atakuwa wa kwanza kujua.