Zebaki Inakwenda Wapi?

Azimio la Musoma lilipopitishwa Novemba 1974, lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwapo, walimu hawakutosha. Ndipo sisi vijana tuliomaliza darasa la saba tukakabidhiwa chaki. Tulifundisha madarasa ya chini kwa sehemu ya siku, na saa zilizobaki tulifundishwa sisi wenyewe, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya Radio Tanzania na kwa Mratibu Elimu wa kata. Tuliitwa walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, na wapo waliolitamka jina hilo kwa dharau. Mimi nalitaja kwa heshima, kwa sababu nilikuwapo na niliona watoto wa darasa la pili wakifanya sayansi ambayo leo siioni katika shule nyingi zenye madarasa ya vioo.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa kaskazini mwa Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, kuelekea mpaka wa Geita. Ni nchi ya pamba na majaruba ya mpunga, na chini yake dhahabu. Baba yangu alikuwa kibarua wa mgodi wa Geita mpaka ulipofungwa mwaka 1966, kwa hiyo mawe, nyundo na karai nilivijua kabla ya kujua kusoma. Vitabu vya sayansi havikuwapo. Baada ya vita vya Kagera hata madaftari yaliadimika, watoto wakawa wanaandika kwa vidole mchangani. Mwalimu mkuu wetu, mzee mpole kutoka Maswa, aliniambia jambo moja nililolishika: kipindi cha kazi za mikono ni chako, kitumie unavyoona.

Nilianza na walichokuwa nacho. Wavulana walikuwa mafundi wa magari ya waya. Walichukua waya uliofungiwa marobota ya pamba, wakaukunja kwa mawe, wakakata magurudumu kwenye ndala zilizochakaa, wakaweka usukani mrefu unaoshikwa ukiwa umesimama. Nikawaambia wayalete darasani. Tukauliza kwa nini gari la huyu linakata kona na la yule linabiringika. Tukazungushia gurudumu uzi, tukaunyoosha, tukaupima kwa upana wa gurudumu lenyewe. Ukaingia mara tatu na kibaki kidogo. Gurudumu dogo, hivyo hivyo. Kubwa, hivyo hivyo. Mfuniko wa sufuria aliouleta msichana mmoja kutoka kwao, hivyo hivyo. Watoto wa miaka minane walikwenda nyumbani wakipima kila kitu cha duara, hata mdomo wa mtungi. Wasichana, ambao waya walikuwa hawajaushika, kuanzia siku hiyo waliushika.

Sikuwa peke yangu katika njia hiyo, ingawa wakati ule sikujua. Baada ya mkutano wa elimu ya sayansi uliofanyika Kano, Naijeria, mwaka 1965, walimu wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, walianza kutunga miongozo ya sayansi ya shule za msingi kwa vitu vilivyo mlangoni kwa mtoto: vidimbwi, pendula ya jiwe na kamba, yule mdudu anayechimba vishimo vya mchanga mkavu kunasa sisimizi. Chuoni, nilipokwenda kuongeza daraja, ndipo nilipoiona miongozo ya aina hiyo. Huko huko tulisimuliwa habari za Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yanaganda upesi kuliko yaliyopoa, akauliza, akachekwa. Aliendelea kuuliza mpaka Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akalipima jambo lile, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jambo hilo lina jina la Mpemba mpaka leo, na wanasayansi bado wanabishana juu yake. Tangu siku hiyo sikumruhusu mtoto yeyote kumcheka mwenzake anayeuliza, na nilikuwa mkali katika hilo.

Tarehe 16 Februari 1980, siku ya Jumamosi, jua lilipatwa. Ukanda wa giza kamili ulipita kusini yetu, lakini hata kwetu jua lilimezwa karibu lote. Watoto walikuwa wamekuja kupalilia shamba la shule. Wazee kijijini waliingiwa na hofu, wapo waliowaficha watoto ndani. Sisi tulikaa chini ya mkwaju, tumelipa jua kisogo, tunatazama ardhi. Mkwaju una majani madogo, na kila upenyo kati ya majani hutupa chini duara la mwanga. Kadiri saa ilivyokwenda, maduara yale yakaliwa upande mmoja, yakawa mamia ya hilali nyembamba zinazotikisika juu ya vumbi. Msichana mmoja akakimbilia nyumba ya mwalimu akaleta chekeche. Kila tundu likatoa hilali yake. Kisha kijana wa darasa la tatu, mtoto asiyesema sana, akatoboa jalada la daftari tundu la pembe tatu kwa makusudi. Hilali ikatoka ileile. Akatoboa la mraba. Ileile. Akanitazama akasema, "Mwalimu, basi umbo si la tundu. Ni la jua lenyewe." Baridi ilikuwa imeshuka, kuku wanarudi bandani, na mimi sikuona haja ya kuongeza neno.

Nasimulia hayo kirefu kwa sababu watu hudhani sayansi ya watoto wadogo ni kuwarahisishia sayansi ya wakubwa. Yule kijana hakurahisishiwa chochote. Alibadilisha kitu kimoja, akaviacha vingine vyote kama vilivyo, akaangalia kilichotokea.

Miaka ya themanini wachimbaji wadogo walifurika Bulyanhulu, na maisha ya kijiji chetu yakahamia kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Mahudhurio yakapungua. Watoto walibeba maji, waliponda mawe, walikaa na mama zao mialoni, kwenye vioshio vya mchanga wa dhahabu. Waliobaki shuleni wakawa wanacheza mwalo nyuma ya vyoo: kipande cha bati kilichoinamishwa, gunia juu yake, mchanga na maji. Nikauingiza mchezo ule darasani. Dhahabu hatukuwa nayo, ila baada ya mvua vijito vyetu huacha mchanga mweusi wenye chuma, na sumaku tuliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Tukachanganya kijiko cha mchanga mweusi na kopo la mchanga wa kawaida, tukauosha juu ya bati kwa kopo moja la maji. Kwanza tofali moja chini ya bati, kisha mawili, kisha manne. Kila mara sumaku ilituonyesha kiasi cha chuma kilichobaki kwenye gunia. Bati lililolala halikutenganisha kitu, lililosimama sana lilifagia kila kitu. Watoto wakaanza kubishana juu ya mwinamo, wingi wa maji na ukwaruzo wa gunia, na kila ubishi tuliumaliza kwa kujaribu upya. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba mchanga ni mzito kama mara mbili na nusu ya maji ya ujazo uleule, ule mweusi mara tano, dhahabu mara kumi na tisa. Namba hizo hawakuzisahau, kwa sababu walikuwa wameshaziona zikifanya kazi.

Mkaguzi mmoja alisema nawafundisha watoto uchimbaji. Nilimjibu kwamba uchimbaji wanao tayari nyumbani, wanachokosa ni sababu.

Na sababu ilihitajika kweli. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini zebaki ilikuwa imeingia kila nyumba ya mchimbaji, katika vichupa vya dawa. Inashikamana na dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa, kisha tonge linalobaki linachomwa juu ya jiko la mkaa. Wengi walichomea jikoni, ugali ukisubiri zamu. Mtoto wa darasa la pili akauliza, "Mwalimu, zebaki ikichomwa inakwenda wapi?" Darasa likajibu kwa sauti moja kwamba inaisha.

Zebaki yenyewe sikuiruhusu ivuke mlango wa darasa. Nilichemsha maji kwenye sufuria. Yakapungua. Nikauliza kama yameisha. Nikaweka mfuniko wa baridi juu ya mvuke, nikaugeuza, matone yakadondoka mikononi mwao. Maji hayakuisha, yalihama. Basi zebaki nayo inahama: inakwenda kwenye nyasi za paa, kwenye chungu, kifuani. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, huharibu mishipa ya fahamu, hutetemesha mikono, humdhuru hata mtoto aliye tumboni.

Siku chache baadaye baba wa mtoto yule alikuja shuleni, amekasirika. "Mayu mwalimu, umemwambia nini mwanangu? Hataki kula chakula cha jikoni." Nilimkaribisha, nikamwomba mtoto amwonyeshe baba yake sufuria na mfuniko. Alionyesha vizuri kuliko mimi. Yule bwana alinyamaza kwa muda, akauliza kama kuna njia ya kuukamata mvuke ule. Nikamwambia, ukifungiwa ndani ya chombo na kupozwa kwenye bomba, zebaki hurudi. Hicho ndicho kifaa kiitwacho ritoti, ambacho miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikifundisha kwa wachimbaji wa Rwamagasa, Geita. Yeye hakukipata wakati ule. Alilihamishia jiko la kuchomea mbali na nyumba, upande ambao upepo hauleti moshi uani, na majirani kadhaa wakamfuata.

Leo sayansi ni somo rasmi kuanzia darasa la tatu, jambo nililoliombea miaka mingi. Lakini nimefungua daftari la mjukuu wangu, nikakuta maana ya sumaku imenakiliwa kwa mwandiko mzuri, na mtoto hajawahi kushika sumaku. Somo la namna hiyo ni imla.

Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, kampuni za madini hupanga pamoja na halmashauri michango yao kwa jamii, na fedha hizo zimejenga madarasa Geita na Kahama. Madiwani na walimu wakuu, mnapoandika mpango wa mwaka ujao, wekeni mstari mmoja wa sumaku, lenzi, mizani, waya, balbu na betri kwa ajili ya madarasa ya chini. Gharama yake haifiki ya kujenga darasa moja. Na mwalimu atakayewatoa watoto nje ili wavitumie, msimwandikie barua ya onyo.