Rangi ya chungwa msituni Pennsylvania

Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, misitu ya Pennsylvania, Marekani, hujaa watu waliovaa rangi ya chungwa inayowaka. Ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Zamani ulifunguliwa Jumatatu, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo. Tangu 2019 ni Jumamosi.

Madukani nguo za mabakamabaka zimejaa, za watoto pia, na mzazi hutoa fedha akidhani amenunua maarifa. Lakini sheria inadai inchi za mraba 250 za rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, ili mwindaji asipigwe risasi na mwenzake. Kulungu haioni? Anaiona, ila macho yake hayaitofautishi vizuri na kijani. Bluu ndiyo anayoiona sana, kwa hiyo mzazi mwenzangu, tatizo ni jinzi ya mtoto kuliko kizibao chake.

Kinachomshtua hasa ni mkono unaopanda kukuna pua. Wazee wa kule humfundisha kijana wa miaka 12, umri wa kupata leseni, kuegemea mti mnene, upepo ukimjia usoni, na kutulia. Akitembea, ni hatua mbili tatu, kisha asimame kwa muda mrefu, maana majani makavu ya mialoni hulia kama karatasi. Baridi inauma vidole, simu iko mfukoni. Kwa watoto wetu wa siku hizi, nusu saa ya namna hiyo ni kazi nzito. Kulungu akitokea, bado hapana kusogea, mpaka kichwa chake kipite nyuma ya shina la mti.