Shosho Aliponiuliza, "Huyu Ni Nani?"

Mwaka jana nilimchora shosho kwa tableti. Nilimaliza siku tatu kwa ile picha, nikaipitisha filta moja ya mwisho ndiyo ing'ae, kisha nikampa simu aione. Akaitazama weee. "Huyu ni nani?"

Nilicheka. Lakini usiku nikafungua ile picha ya kwanza, nikalinganisha. Filta ilikuwa imemweupisha na kumpunguza pua. Na ukweli usemwe: nilikuwa nimeona mapema, nikanyamaza, kwa sababu picha za hivyo ndizo hupata laiki.

Wiki hiyo hiyo mhadhiri wangu akaniambia nichague: kuchora, ama tasnifu ya uhakiki wa vyombo vya habari. Ati yote mawili hayaendi pamoja. Karibu nikubali.

Halafu nikasoma kuhusu Joy Buolamwini. Akiwa mwanafunzi wa MIT, Marekani, alikuwa anaunda kazi ya sanaa: kioo cha kuweka sura nyingine juu ya uso wako. Programu ikashindwa kuuona uso wake mweusi, mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mimi ningetafuta taa kali nimalize kazi. Yeye akauliza kwa nini. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru wakatoa utafiti uliopima programu za kampuni tatu kwa nyuso 1,270 za wabunge, wakiwemo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Katika kutambua jinsia, makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakupita asilimia 0.8.

Swali lilianzia kwenye sanaa, jibu likapatikana kwa utafiti. Kwani nani alisema haviendi pamoja?

Kwa hivyo sikuchagua. Tasnifu yangu ina picha 12 za shosho. Ya kwanza ni mkono wangu tu; kila inayofuata imepita filta moja zaidi. Chini ya kila picha nimeandika kilichobadilika, na nani anafaidika tukizoea kukiita urembo. Ile yenye laiki nyingi imo pia, na jina langu liko chini yake.

Juzi nilimwonyesha shosho moja baada ya nyingine. Mpaka ya nne alisema, "Ni mimi." Ya tano akanirudishia simu.

Na wewe, filta yako ya kila siku, ulishawahi kuizima ukajiangalia?