Daftari la Lyulilo

Anayeteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huvua sweta kabla hajafika. Chai inabaki juu na baridi yake, na bondeni yanaanza mashamba ya mpunga, mikakao, michikichi na miembe. Kutoka Kikusya hadi Matema, kupitia Ipinda, ni kilomita 39 za lami, na kadiri unavyosogea Milima ya Livingstone inazidi kupanda mbele yako, hadi unajiuliza barabara hii itapita wapi. Haipiti. Matema ni mchanga, ziwa, na ukuta wa mlima ulioingia majini.

Mimi kazi yangu ni kumbukumbu. Nimezeekea kwenye majalada, na kilichonileta Ziwa Nyasa kwa mara ya kwanza ni wivu wa kikazi. Nilikuwa nimesoma habari za Wedgwood, kiwanda cha vyombo vya kauri kilichoanzishwa na Josiah Wedgwood huko Uingereza mwaka 1759. Watu wale hawakutupa kitu: barua, vitabu vya nakshi, hesabu za mauzo, hata vipande vya majaribio vilivyopigwa namba ili mwenyewe akumbuke kila kimoja alikichanganya na nini. Kampuni ilipoanguka mwaka 2009, deni la mfuko wa pensheni, pauni milioni 134, liliiangukia makumbusho yake, na mahakama ikaamua kwamba hazina yote ile inaweza kuuzwa kulilipa. Mwaka 2014 zikachangwa pauni milioni 15.75 kuiokoa. Nikajiuliza: na sisi wenye viwanda vya udongo vikongwe, karatasi zetu ziko wapi? Jibu la karibu lilikuwa kijiji cha Ikombe, kwa wafinyanzi wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao vinapikiwa Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Gari nililiacha Matema nikapanda mtumbwi. Tulikwenda tukiambaa na mlima, maji meusi upande wa kulia. Ziwa hili lina kina cha mita 700 mahali pengine, habari ambayo ningeomba niambiwe baada ya kushuka.

Ikombe unaijua kwa vyungu kabla ya watu. Vimeanikwa vivulini, vingine vimepinduliwa kando ya milango, na chini unakanyaga vigae vya vile vilivyopasuka, vya juzi na vya zamani pamoja. Niliyempata kazini alikuwa mama wa makamo, miguu ameinyoosha, mbele yake chungu kichanga kimekalia gae la chungu kuukuu. Kila akitaka upande mwingine anasukuma gae, nalo linazunguka na mzigo wake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kaa, kivuli kipo.”

Nilimuuliza alianza mwaka gani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa alianza kupumua lini. “Mwaka? Mimi nilimwangalia mama. Naye alimwangalia mama yake.”

Kuangalia huko ndiko nilikokufanya mimi kutwa nzima. Udongo hukandwa kwa mikono hadi ulainike, na ukiacha kijiwe au kipande cha mzizi ndani yake, moto utakuja kukudai. Chungu hupandishwa kwa vidole, unene wake ukipimwa kwa vidole vilevile. Kikikaza kidogo husuguliwa kwa kokoto laini hadi kianze kung'aa, kisha hupakwa udongo mweupe na mwekundu. Halafu kinangoja. Kuchoma ni jioni, nje, upepo ukitulia, vyungu vikiwa vimefunikwa nyasi na kuni, hakuna tanuri wala kipimajoto. Mama yule alijua moto umetosha kwa rangi ya vyungu ndani ya majivu. Nilijaribu kuiandika rangi hiyo kwenye daftari langu. Niliandika “nyekundu”, nikaona haisaidii.

Chungu kilipopoa nikakigeuza kutafuta alama chini, jina au chapa, kama sahani za Uingereza zilivyo. Akacheka. “Mwanao akiwa katikati ya wenzake unamtafuta jina mgongoni?” Akanyoosha kidole kwenye rundo: hiki changu, kile cha dada, kile cha jirani, na yule naye ana haraka, angalia mdomo wake.

Hata hivyo karatasi zipo, ila hazipo huku. Wajerumani walijenga kituo chao cha Langenburg hapa pwani, huko Lumbila, kabla hawajahamia Tukuyu, na daktari wa jeshi lao, Friedrich Fülleborn, aliandika kitabu kikubwa juu ya nchi hii na watu wake, kikachapishwa Berlin mwaka 1906. Mwaka 1977 Mtanzania, S. A. C. Waane, aliandika makala juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe hawahawa. Jarida lililoitoa linaitwa Baessler-Archiv. Nalo ni la Berlin. Mama niliyemwangalia hajapata kuona hata mmoja wa kurasa hizo, na mimi mwenyewe nilizisikia nikiwa Dar es Salaam, wala si Kyela.

Jumamosi ni soko la Lyulilo, kijiji jirani na Matema, na alfajiri nilirudi na mzigo. Vyungu hupangwa ndani ya mtumbwi vikiegemeana, nyasi katikati, na abiria hukaa panapobaki; ukitaka kupiga chafya unaomba ruhusa kwanza. Ufukweni wachuuzi walishafika. Zamani, bibi mmoja alinieleza, hapakuwa na haja ya kubishana: chungu kilibadilishwa kwa nafaka iliyokijaza. Sasa wanabishana, tena kwa furaha.

Mmoja wa wachuuzi, kijana anayepakia vyungu kwenye lori la Mbeya, alikuwa na daftari la shule lililokunjwa mfukoni. Nikachungulia. Tarehe, idadi, vikubwa, vidogo, vilivyovunjika njiani, nani amelipwa nusu, nani bado. Moyo ukanidunda. Hicho ndicho nilichokuja kutafuta.

“Ya miaka iliyopita unayo?”

“Yameisha. Wauza karanga waliyachukua.”

Nikamwambia hili likijaa asiwape wauza karanga, mimi nitalinunua, nitampa na jipya. Alinitazama, akalitazama daftari, akafungua ukurasa wa katikati uliojaa majina ya wale mama anaodaiwa nao.

“Sawa kaka,” akasema. “Lakini ukilinunua, na haya madeni ni yako.”