Mkimbizi ni Nani?

Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani maana ya neno fulani, huandika maneno aliyoyakariri, akapata alama zake, akaenda zake. Lakini kumridhisha msahihishaji ni jambo moja, na kuiridhisha akili ni jambo jingine. Leo napenda kutazama ni kitu gani kiifanyacho fasili, yaani maneno yaelezayo maana ya jambo, ikubalike kwa mtu mwenye kufikiri. Nitatumia neno moja tu, lililokaa nyumbani kwetu tangu jamaa zangu walipovuka Ziwa Albert kutoka Kongo kuja Uganda. Neno hilo ni mkimbizi.

Wengine husema mkimbizi ni mtu aliyekimbia, basi. Lakini mwenye deni humkimbia anayemdai, na mwizi humkimbia askari. Fasili hiyo ni kama wavu wa matundu madogo mno: huvua kila kitu, hata usichokitaka.

Mwaka 1951 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva wakaandika mkataba. Kwa ufupi walisema kwamba mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi la watu alimo, au mawazo yake ya siasa, wala hawezi kutegemea ulinzi wa nchi hiyo. Tena mkataba ulihusu mambo yaliyotukia kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Mpaka huo wa tarehe uliondolewa kwa itifaki ya mwaka 1967.

Nilimsomea shangazi yangu maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo mimi simo. Watu wale hawakuniuliza dini wala siasa. Walichoma kijiji kizima, nasi tukashika njia ya ziwani." Ikiwa fasili ya mkimbizi yamwacha shangazi nje, yenye kasoro ni fasili, si shangazi.

Wakuu wa Afrika nao waliliona pengo hilo. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake. Fasili ya kwanza haikutupwa, ila iliongezewa mtu aliyelazimika kuihama nchi yake kwa sababu ya uvamizi, kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya amani ya nchi, yote au sehemu yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inazifuata fasili zote mbili.

"Huyo ndiye mimi," alisema shangazi. Kisha akauliza, "Na yule aliyetuchomea nyumba, akivuka nyuma yetu, naye ni mkimbizi?" La, sivyo. Mikataba yote miwili humkatalia ulinzi huo mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu wa vita.

Kwa nini basi fasili ya pili yaridhisha? Si kwa kuwa ni ndefu. Yaridhisha kwa kuwa yaonyesha neno lenyewe ni la kazi gani. Mkimbizi ni mtu ambaye serikali yake haiwezi au haitaki kumlinda, hata imempasa kuomba ulinzi kwa jirani. Ukishaishika sababu hiyo, waona mara moja kwa nini shangazi yumo na mkimbia deni hayumo. Hata aliyekimbilia wilaya nyingine ndani ya nchi yake hayumo, ijapokuwa shida yake yaweza kuwa ile ile. Kwa ajili yake Umoja wa Afrika ulifanya mkataba mwingine hapa Kampala mwaka 2009, badala ya kulivuta neno hili mpaka likatike.

Kwa hiyo, enyi mlio bado madarasani, mkipewa fasili ya jambo lolote, iwe ya sayari, ya haki au ya umaskini, msiikariri kabla ya kuihoji. Ulizeni ni nani aliyeachwa nje naye astahili kuwamo, na ni nani aliyeingia bila kustahili. Zaidi ya hayo, ulizeni mpaka huo umewekwa kwa sababu gani. Isiyo na jibu kwa swali hilo la mwisho yaweza kukupatia alama, lakini haitakusaidia siku mtu atakapokuja mlangoni kwako akiuliza kama yumo.