Pikapu Iliyotulaza Njiani Mtito Andei

Msomaji, ukishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Mtito Andei ni kama nusu ya safari: malori pande zote na joto la Tsavo. Hapo pikapu yetu kuukuu ilizima mara ya tatu, watoto wakigombea chupa ya mwisho ya maji. Kila mara, baada ya nusu saa, iliwaka kana kwamba haina neno. Ndiyo maana mafundi wa mjini waliikuta nzima, wakatuuzia plagi tusizozihitaji.

Fundi mmoja mzee hakungoja ipoe. Alichomoa waya wa plagi, nikapiga stata: cheche hakuna. Koili ilichoma vidole. Akaomba yale maji, akalowesha kitambaa, akaifunika. Punde cheche ikarudi. Koili mbovu ikipata moto, waya wake wa ndani huachana, ikipoa hushikana. Tulinunua nyingine, tukaingia Voi jua likizama.